Ukijenga karibu na mti: namna ya kuilinda mizizi, na namna ya kuwajibu wanaosema "mti tu huo"

Viwanja vingi ninavyosimamia ujenzi hapa Tanga huwa na mti kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa: mwembe dodo, mwarobaini, mzambarau, pengine mfenesi aliopanda bibi wa mwenye nyumba. Siku ya kukabidhiana kazi, mwenye nyumba anasema, "Mti huu msiuguse." Mafundi wanaitikia, "Hatuugusi, bosi." Na kweli hawaugusi. Hakuna panga linalopita kwenye shina. Ila lori la mchanga linageuzia pale chini, zege linachanganyiwa palepale kwa kuwa pana kivuli, mtaro wa msingi unapita hatua tatu kutoka kwenye shina, na maji ya kuoshea mapipa yanamwagwa pembeni. Nyumba inakwisha, watu wanahamia. Mwaka wa pili au wa tatu mwembe unaanza kukauka kuanzia ncha za juu. Utasikia umeingia wadudu, umezeeka, umerogwa. Lori halikumbukwi na mtu.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na miti hii naijali. Hapa naeleza ninavyofanya saiti, kuanzia udongo, halafu upande unaonichosha zaidi, yaani watu.

Mizizi iko wapi hasa

Mafundi wengi wanaamini mti mkubwa umesimama juu ya mzizi mmoja mnene ulioshuka chini kabisa, kwa hiyo ukichimba pembeni hujauumiza. Mche wa embe kweli hushusha mzizi mkuu. Lakini mti uliokomaa unaishi kwa mizizi ya pembeni. Sehemu kubwa ya mizizi yake imo ndani ya sentimita 60 za juu, na ile myembamba inayonyonya maji na chakula imejaa zaidi kwenye sentimita 30 za kwanza. Halafu inatambaa mbali, inapita kivuli cha matawi, mara nyingi hadi mara mbili ya hapo na zaidi.

Kwa hiyo kinachotakiwa kulindwa ni ardhi. Shina lina gome, linaweza kukwaruzwa likapona. Ardhi ikishindiliwa, hairudi upesi.

Mizizi inahitaji hewa. Udongo mzuri karibu nusu ya ujazo wake ni matundu, mengine yana maji, mengine yana hewa. Lori lenye kokoto likipita juu yake, matundu yale yanafinywa, maji ya mvua yanashindwa kuzama, na mizizi inakosa pumzi. Na sehemu kubwa ya madhara hutokea mara za kwanza kabisa za kupita. Dereva akikwambia "nimepita mara moja tu, dada," hajakwambia kitu cha kukutuliza. Udongo ukiwa umelowa, hasa wa mfinyanzi, ni mbaya zaidi. Baada ya mvua ya masika mimi sipokei lori upande wa mti hata kama kazi imesimama.

Kuna kipimo chepesi cha kuonyesha jambo hili. Chukua kipande cha nondo ya milimita 10, chenye urefu kama wa mkono. Siku moja baada ya mvua, kisukume kwa mikono chini ya mti, mahali pasipopitwa na kitu. Kinazama. Kisha nenda kwenye njia ya malori, ardhi ikiwa na unyevu uleule, usukume tena. Kinagoma juu juu. Mpe fundi asukume mwenyewe. Nondo anaijua, hatakubishia.

Pima kabla lori la kwanza halijaingia

Zungusha futi ya kamba kwenye shina, mita moja na nusu kutoka chini, upate mzingo. Zidisha kwa nne. Hicho ndicho kipimo cha kutoka kwenye shina kwenda nje, kila upande, cha ardhi isiyotakiwa kuguswa. Wataalamu wa miti Uingereza wanatumia kipenyo cha shina mara 12, na mzingo mara nne unakufikisha karibu palepale bila kuhangaika na hesabu, tena kwa kuzidisha kidogo. Mwembe wenye mzingo wa mita 1.9 unahitaji kama mita saba na nusu kila upande. Kwa miti mikubwa sana, wao wanaishia mita 15.

Najua unachowaza. Kiwanja chenyewe ni mita 20 kwa 20, au 20 kwa 30. Duara la mita saba na nusu litakaa wapi? Mara nyingi halikai lote. Hapo unachagua upande mmoja wa kupoteza, ule utakaobeba nyumba, na pande nyingine unazilinda kikamilifu. Mpaka wa mwisho ambao siuvuki ni mara tatu ya unene wa shina. Ndani ya hapo ipo mizizi minene inayoushikilia mti usianguke, na ukiikata upande mmoja, upepo wa kusi utakumalizia kazi juu ya paa jipya. Kama ramani inalazimisha kuingia humo, ni bora mwenye nyumba aamue mapema kuukata mti kwa hiari yake, akiwa amefuata taratibu za halmashauri, kuliko kuuacha ukiwa umekatwa miguu.

Kisha weka uzio. Utepe mwekundu hauzuii mtu. Chimbia mirunda, pigilia mabanzi au mabati chakavu hadi usawa wa kifua, usiache mlango. Ukiacha mlango, ndani patakuwa stoo ya saruji. Uzio uwe umesimama siku lori la kwanza linapofika, kwa sababu lori hilo ndilo linaloamua njia ya yote yatakayofuata.

Jambo moja linasahaulika: mti ndio kivuli pekee cha saiti. Ukiuzungushia uzio bila kuwapa watu kivuli kingine, uzio utabomolewa kabla ya saa saba mchana, na mimi siwalaumu. Vibarua wanafanya kazi juani Tanga, mwezi wa Februari. Funga turubai kubwa upande wa pili kabla hujafunga uzio. Mchanganyio wa zege uwe huko, mapipa ya maji huko, na mama ntilie apewe nafasi yake huko na mafiga yake. Moto chini ya mti unaua mizizi ya juu na kuunguza gome upande mmoja. Watu kukaa chini ya mti wakila hakudhuru kitu, kwa hiyo pale nafasi inaporuhusu naacha ukanda wa kivuli nje ya uzio wenye benchi. Amani inakuwepo.

Na kama hakuna njia nyingine isipokuwa kupita juu ya mizizi? Huku kwetu makumbi ya nazi hayana bei kubwa. Yamwage yafike unene wa sentimita 20 au zaidi, juu yake laza mbao nene zikigusana. Toroli na watu watapita bila shida. Lori lenye mzigo, hapana. Lishushe nje, mzigo uingie kwa toroli. Hiyo ni gharama ya vibarua ya siku moja au mbili, iwekwe kwenye makadirio tangu mwanzo.

Kuchimba

Karibu na mti kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kisikaribie kabisa. Kijiko hakikati mzizi, kinauvuta. Mzizi unachanika kuelekea shinani, mbali kabisa na mahali unapoliona shimo, na hapo ndipo uozo unapoingilia. Chimbeni kwa mkono. Mwageni maji jioni udongo ulainike, asubuhi tumieni jembe uma na sepetu, sululu iwekwe kando.

Mzizi ulio mwembamba kuliko kidole gumba, kama sentimita mbili na nusu, unaweza kukatwa, ila ukatwe kwa msumeno mkali, mkato safi, usipasuliwe kwa jembe. Mzizi mnene zaidi ya huo, acha. Udongo uondolewe pande zote uning'inie ndani ya mtaro, ufungwe kwa gunia lililoloweshwa, na gunia liloweshwe tena mchana. Mizizi iliyo wazi juani inakauka kwa saa chache tu. Usiupake mkato lami wala oili chafu. Mti hufunga kidonda chake wenyewe. Ukimaliza, rudisha udongo uleule siku hiyohiyo, bila kuushindilia kwa miguu.

Sasa msingi. Msingi wa mkanda unaozunguka nyumba nzima unakata kila mzizi unaoukuta. Upande wa mti tumia nguzo: mashimo machache, kila moja limechimbwa kwa mkono, ukikuta mzizi mnene unasogeza shimo, halafu juu yake boriti ya zege na nondo inayovuka kutoka nguzo hadi nguzo bila kuzama ardhini. Chini ya boriti panabaki nafasi, mizizi inapita. Kwa ukuta wa uzio ni rahisi zaidi, kwa kuwa haubebi paa. Kwa nyumba, mhandisi apige hesabu ya nondo na nafasi za nguzo. Usikadirie kwa macho.

Bomba la maji na la choo nalo lina ujanja wake. Mtaro unaopita ubavuni mwa mti unaweza kukata karibu mizizi yote ya upande huo. Lipitishe mbali, na kama haiwezekani, lipite chini. Mafundi bomba wanaojua kuvusha bomba chini ya barabara ya lami bila kuikata wapo kila mji: shimo huku, shimo kule, katikati wanatoboa. Waambie wafanye hivyohivyo chini ya mti, kwenye kina cha kama mita moja, na mizizi mingi itabaki juu yao.

Saruji nayo iangaliwe. Maji yaliyooshea beleshi na mapipa yana ukali wa chokaa, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12. Mwembe unapenda udongo wa pH kati ya 5.5 na 7.5. Udongo ukiwa mkali kupita kiasi mti unashindwa kufyonza chuma na manganizi, na majani mapya yanatoka ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Chimba shimo la kuoshea vyombo, ulitandike nailoni, mbali na mti na upande wa chini wa mteremko. Zege lililobaki likigandia humo linatolewa na kutupwa.

Halafu kifusi. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi mwishoni mwa kazi, watu wakiwa wamechoka na wanataka uwanja uwe sawa. Wanamwaga kifusi nusu mita kuzunguka shina, wanashindilia, wanapanda ukoka, panapendeza. Mizizi iliyokuwa inapumua kwenye sentimita 30 za juu sasa iko chini ya blanketi zito. Usawa wa udongo chini ya mti ubaki ulivyokuwa. Kama uwanja lazima unyanyuliwe, jenga kingo ya mawe nje ya eneo la mizizi, kifusi kiishie hapo. Kukwangua udongo wa juu nako ni vilevile: unabeba mizizi myembamba kwa toroli.

Watu

Kila nilichosema hapo juu ni rahisi kuliko kusimama mbele ya watu kumi na kuambiwa, "Dada anapenda maua."

Fundi mkuu mzee. Huyu nimekutana naye saiti nyingi. Wa mwisho alikuwa Chumbageni, hapahapa Tanga, tulipokuwa tunaongeza vyumba viwili na ukuta wa uzio kando ya dodo kubwa. "Binti yangu," akaniambia mbele ya vijana wote, "mimi nimejenga kabla wewe hujazaliwa. Mwembe hauuawi na mtaro." Mtu kama huyo ukibishana naye hadharani umekwisha, hata akijua uko sahihi hatakubali, vijana wake wanamtazama. Nilimwambia, "Ni kweli mzee wangu, ndiyo maana nataka jicho lako hapa." Mchana vijana walipokwenda kula, tulichimba pamoja shimo dogo, la upana wa beseni, mita nne kutoka shinani. Nilimimina maji ya dumu polepole pembeni mwa shimo. Udongo mwekundu ukateremka, ikabaki mizizi, wavu mnene wa nyuzi za kahawia, mingine imegawanyika myembamba kama uzi wa kushonea, ncha zake nyeupe. Haikuwa imefika kina cha goti. Mzee akachuchumaa, akashika mmoja, akauliza, "Yote hii ya huyu?" Mti ulikuwa peke yake upande ule. Hakusema zaidi. Jioni yeye ndiye aliyewaambia vijana kwamba ukuta utavushwa kwa boriti, na akaonyesha nguzo zikae wapi. Mimi nilinyamaza. Wazo likiwa lake, atalilinda siku nisipokuwepo.

Dereva wa lori hana dharau, ana haraka. Analipwa kwa tripu. Ukimngoja afike ndipo umpigie kelele, umechelewa, ameshageuza. Pata namba yake jana yake, mtumie picha ya mahali pa kumwaga, simama getini akifika. Ukimpa njia rahisi ya kuingia na kutoka, hatatafuta nyingine.

Bosi mwenye nyumba anayesema "ukifa tutapanda mwingine" usimhubirie mazingira. Zungumza naye fedha. Mche wa dodo atakaopanda hautampa kivuli cha sebuleni kwa miaka mingi. Wachuuzi wananunua mazao ya mti mkubwa ukingali na maembe mabichi juu. Na mti ukifia kando ya nyumba mpya hauangushwi kwa shoka. Unapandiwa, unakatwa kipande kwa kipande, kila tawi linashushwa kwa kamba lisitoboe bati, na wanaoifanya kazi hiyo wanajua bei yao. Weka gharama hiyo kando ya gharama ya mirunda na mabanzi, umwachie karatasi aitazame mwenyewe.

Akisema haiwezekani kiufundi, ninao mfano wa jirani zetu. Nairobi, mwaka 2020, mugumo (aina ya mtini) mkubwa wa barabara ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe kupisha ujenzi wa barabara ya juu. Watu wakapaza sauti, na Novemba mwaka huo ikatoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti ubaki. Ukabaki, na barabara ikajengwa. Kama barabara ya ukubwa ule ilipata njia, chumba cha wageni kitapata.

Wapo wanaoogopa kwamba mizizi itapasua nyumba. Hawa wasikilizwe, hofu yao ina msingi. Kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mti mkubwa unaongeza kuukausha udongo na msingi unaweza kucheza. Hapo muulize mhandisi kabla ya kuahidi chochote. Miti ya jamii ya mkuyu na mtini nayo si ya kuweka karibu na ukuta wala chemba. Lakini kwenye mchanga wetu wa pwani na udongo mwekundu, kesi nyingi nilizoitiwa mzizi ulikuwa umefuata maji ya bomba lililokuwa linavuja tayari. Bomba zima lenye viungo vilivyofungwa vizuri, mzizi unalizunguka.

Na kwa wale wasioshawishika na chochote, kuna karatasi. Andika kwenye mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka na kila mtu: eneo la uzio wa mti haliingiwi, hakuna kitu kinachohifadhiwa humo, hakuna mzizi mnene kuliko kidole gumba utakaokatwa bila msimamizi kuuona, na ikikiukwa kiasi fulani kinakatwa kwenye malipo ya mwisho. Kiasi kitajwe. Kila jioni piga picha za uzio kutoka kona zilezile, uzitume kwenye grupu la WhatsApp la kazi, bila maneno. Baada ya muda hata wanaokucheka wanaanza kusogeza toroli kabla hujapiga picha.

Dada zangu mnaosimamia saiti, hili ni lenu: usipandishe sauti kwa ajili ya mti kisha ukanyamaza kwa ajili ya nondo. Ukiwa mkali sawasawa kwenye kina cha msingi, kwenye uwiano wa zege na kwenye mti, hawatasema tena ni mambo ya maua. Watasema huyu ndivyo alivyo.

Baada ya kukabidhi nyumba

Mti uliopoteza mizizi unahitaji maji kwa angalau misimu miwili ya kiangazi. Mara moja kwa wiki, maji mengi yanayozama, yamwagwe polepole nje ya shina, kwenye eneo la matawi. Kumwagia shina lenyewe hakusaidii. Tandaza majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 10, yasiguse gome. Mbolea ya chumvichumvi iache mwaka wa kwanza. Na usikubali mtu akwambie upunguze matawi mabichi "ili yalingane na mizizi": majani hayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya. Kata yaliyokauka tu.

Uwanja ukitaka kuwekewa pevingi, uache sehemu pana ya udongo wazi kuzunguka shina, na mashine ya kushindilia isifike ndani ya ile alama ya uzio hata baada ya uzio kuondolewa. Kwa hiyo acheni mirunda minne ya kona hadi fundi wa pevingi atakapomaliza na kuondoka.

Kagua kila baada ya masika. Ncha za juu zikikauka, au majani yakiwa madogo kuliko ya mwaka jana, ongeza maji na matandazo kabla ya kununua dawa ya wadudu. Ukiona udongo umepasuka au kunyanyuka upande mmoja wa shina, au mti umeinama kuliko ulivyoonekana kwenye picha zako za saiti, watoto wasicheze chini yake na umwite mtu anayejua miti siku hiyohiyo.